Kilichoishika Enterprise ilipotikiswa Huntsville

Machi 1978 ndege ya Boeing 747 ilitua Redstone Arsenal, mjini Huntsville, Alabama, ikiwa imeibeba Enterprise mgongoni. Enterprise ilikuwa ya kwanza katika jamii ya Space Shuttle, vyombo vya anga vya Marekani vyenye mabawa. Mwaka uliotangulia, kati ya Agosti na Oktoba, ilikuwa imeachiliwa mara tano juu ya jangwa la California ikateleza bila injini hadi ardhini. Anga za mbali haikuwahi kwenda. Haikuwa na injini za kweli wala vigae vya kweli vya kuzuia joto. Sehemu kubwa ya vigae vyake ilikuwa povu lililochongwa kwa mfano wa vigae. Lakini mifupa yake ilikuwa ya kweli, na mifupa ndiyo iliyohitajika Huntsville. Ilipelekwa huko ikatikiswe.

Kazi ilifanyika ndani ya jengo namba 4550 la kituo cha Marshall cha NASA, mnara wa chuma wa karibu mita 110 uliojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini. Iliendelea hadi mwanzoni mwa 1979. Watu wakisimulia jaribio hilo hupenda kutaja mashine zilizotikisa na vihisi vilivyosikiliza. Mimi nataka kukaa kwenye jambo ambalo husemwa kwa sentensi moja na kupitwa: chombo kilishikwa na nini wakati kinatikiswa? Naliona kuwa ndilo swali gumu kuliko yote katika kazi hii, na kisa cha Enterprise kinalionyesha vizuri kwa sababu wahandisi wa Marshall walilazimika kulijibu mara mbili, kwa njia mbili zinazopingana, ndani ya mnara uleule.

Ndege yoyote mpya hutikiswa ardhini kabla haijaruka. Bawa, mkia na kiwiliwili hunyumbuka, na kila kimoja kina masafa yake ya asili, yaani mara ngapi kwa sekunde kinacheza chenyewe kikisukumwa na kuachwa. Mhandisi huyakokotoa masafa hayo kwanza, kisha huyapima kwenye chuma halisi aone kama hesabu yake ilisema kweli. Asipofanya hivyo anaweza kugundua angani kwamba kupinda kwa bawa na kujisokota kwake kumepatana, upepo ukawa unalilisha bawa nguvu kila linapokwenda na kurudi hadi likakatika. Huo ndio mpapatiko, na umeua watu tangu enzi za ndege za mbao na turubai.

Kwa Space Shuttle kulikuwa na hatari nyingine juu ya hiyo. Chombo chenye mabawa kilifungwa ubavuni mwa tangi la nje lenye kipenyo cha mita 8.4, na kwenye pande mbili za tangi hilo zikafungwa roketi mbili za fueli yabisi. Ni miili minne iliyoshikana kwa viungo vichache, tena mzigo mzito umekaa upande mmoja: ukiusukuma mkusanyiko huo mahali popote, unajibu kwa kupinda, kujisokota na kuyumba kwa pamoja. Uliongozwa na kompyuta, na kompyuta zilipata habari za mgeuko wake kutoka kwenye gairo, yaani vihisi vya mgeuko. Gairo haina namna ya kujua kama kinachogeuka ni chombo kizima au ni kipande cha chuma kilicho chini yake tu. Ikipeleka mtetemo kana kwamba ni mgeuko, kompyuta itazungusha midomo ya injini ili kusahihisha, na usahihishaji huo ukiangukia kwenye masafa mabaya unauongeza mtetemo badala ya kuutuliza. Kulikuwa pia na pogo, ule mzunguko wa hatari kati ya msukumo wa injini, mabomba ya fueli na mwili wa roketi, ulioitikisa Apollo 6, safari ya majaribio ya Saturn V isiyo na watu, tarehe 4 Aprili 1968. Na Shuttle ilipangwa kubeba watu tangu safari yake ya kwanza. Hapakuwa na safari ya kujaribia bila rubani. Kosa la hesabu lilipaswa kuonekana ardhini, au lingeonekana watu wakiwa ndani.

Sasa tuje kwenye kushika. Angani chombo hakishikwi na kitu. Ndani ya jengo ni lazima kishikwe, na kila kinachokishika, kiwe jeki, kamba au tairi, kinaingia kwenye mtetemo kikawa sehemu yake. Upatu ulioning'inizwa kwa uzi hulia; ukiubana ukingo kwa kiganja hunyamaza, na kile kidogo unachosikia kinakueleza habari za mkono wako kuliko za shaba. Hakuna namna ya kuuondoa mkono kabisa. Kinachowezekana ni kuufanya laini kiasi kwamba chombo kisijue kama kimeshikwa.

Ulaini huo unapimwa hivi. Chombo kilichowekwa juu ya kitu laini hupata mitetemo mipya ambayo angani hakina: kinapanda na kushuka kikiwa kizima, kinaenda kando kikiwa kizima, kinainama na kuinuka kikiwa kizima, bila kupinda popote. Mitetemo hiyo ya mwili mzima hutokana na kishikio tu. Desturi ya wahandisi ni kuhakikisha masafa ya juu kabisa ya mwili mzima hayazidi theluthi moja ya masafa ya chini kabisa ya kunyumbuka. Wenye nafasi na fedha hutaka moja ya kumi. Tofauti kati ya hizo mbili si ndogo. Kishikio kilicho kwenye theluthi, kama kimefungwa mahali panapocheza sana, kinaweza kuyapandisha masafa yanayopimwa kwa takribani asilimia 5. Kilicho kwenye moja ya kumi kinayapandisha kwa nusu ya asilimia. Asilimia 5 ni kosa kubwa kwa mtu anayetengeneza vichujio vya mfumo wa uongozaji, vile vinavyozuia mtetemo usichukuliwe kuwa mgeuko.

Kusema "weka kitu laini" ni rahisi hadi ukokotoe. Tuseme mtetemo wa kwanza wa kunyumbuka uko kwenye hezi 2, yaani mara mbili kwa sekunde, kiwango ambacho si cha ajabu kwa chombo kirefu na kizito. Theluthi yake ni hezi 0.67. Springi ya kawaida inayotoa masafa hayo ni lazima ilegee sentimita 56 kwa uzito wa chombo peke yake kabla ya kutikiswa. Ukitaka hezi 0.5, inalegea karibu mita nzima. Na hesabu hii haijali ukubwa wa chombo: gramu mia au tani mia, hezi 0.5 ni mita moja ya kulegea. Sasa fikiria mamia ya tani yamekaa juu ya springi za chuma zilizolegea mita moja, na mafundi wanapanda na kushuka kandokando yake wakifunga nyaya za vihisi. Uzito ukihama kidogo tu, yote yanainama.

Hapo ndipo ilipo busara ya jibu la kwanza la Marshall.

Jaribio la kwanza lilihusu Enterprise na tangi la nje bila zile roketi mbili, yaani mkusanyiko kama ulivyo angani baada ya roketi kuachwa, ukielekea kwenye mzingo. Mkusanyiko huo ulisimamishwa wima, pua juu, ukaning'inizwa kutoka juu ya mnara kwa mchanganyiko wa kebo na mifuko ya hewa. Haukugusa sakafu.

Kebo inafanya kazi ambayo springi haiwezi. Mzigo uliofungwa kwenye kebo ukisukumwa kando unarudi kwa uzito wake wenyewe, na kasi ya kurudi inategemea urefu wa kebo tu. Kebo ya mita 20 huchukua kama sekunde tisa kwenda na kurudi, yaani hezi 0.11. Hizo ziko mbali sana chini ya hezi 2, na hakuna kilicholegea. Ulaini wa kwenda kando umepatikana kwa kuwa na jengo refu tu. Jengo lilikuwepo tayari, limejengwa kwa ajili ya roketi ya mita 110, na mkusanyiko wa Shuttle una urefu wa mita 56. Nafasi ya kuning'iniza ilikuwa inasubiri.

Lakini kebo haina ulaini wowote wa kupanda na kushuka. Chuma kilichovutwa ni kigumu. Kwa hiyo mifuko ya hewa ikawekwa kati ya kebo na mnara, na hewa nayo ina tabia inayofaa hasa kwa kazi hii. Kinachobeba uzito ni presha. Kinachoamua ugumu ni jinsi presha hiyo inavyobadilika mfuko ukibanwa kidogo, na hilo linategemea wingi wa hewa iliyomo. Ukitaka hezi 0.67 unahitaji, kwa makadirio ya haraka, safu ya hewa yenye kimo kama cha mita 0.8 hadi 0.9. Si lazima safu yote iwe ndani ya mfuko: unaweza kuunganisha mfuko mfupi na tangi la hewa lililo pembeni, na hewa ya tangi ikahesabika. Uzito ukiongezeka, unapandisha presha na chombo kinarudi palepale kilipokuwa. Springi ya chuma haikupi hilo. Ingekuwa mikononi mwangu, kila mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo angefanya hesabu hii ya springi na hewa kabla ya kufundishwa chochote kuhusu vihisi.

Kwa nini pua juu, na si kulaza chombo kama ndege? Kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya tangi. Oksijeni ya kimiminika inayojazwa kwenye tangi la nje ina uzito wa tani 620 hivi, na uzito huo ndio unaotawala mitetemo mingi. Huntsville oksijeni iliwakilishwa na maji yaliyoondolewa madini, kwa viwango tofauti vilivyolingana na nyakati tofauti za safari. Maji ni mepesi kuliko oksijeni hiyo kwa kama sehemu moja ya nane, na tofauti hiyo inaingizwa kwenye hesabu. Angani msukumo wa injini unayakandamiza yaliyomo kuelekea mkiani. Ardhini ni uvutano wa dunia unaofanya hivyo, na unafanya hivyo kwa mwelekeo sahihi endapo tu chombo kimesimama wima. Ukikilaza, maji yanakwenda ubavuni, na unachopima ni chombo kingine.

Hapa pana mtego ambao naupenda kwa jinsi unavyodai umakini. Maji ndani ya tangi husukasuka. Kwa tangi la kipenyo cha mita 8.4 lililosimama wima chini ya uvutano wa kawaida, hesabu ya silinda inatoa msukosuko wa kwanza karibu na hezi 0.33. Yaliangalie masafa haya: bembea ya kebo iko kwenye 0.1 hivi, kupanda na kushuka kwenye mifuko kuko chini ya 0.7, na msukosuko wa maji uko katikati. Ulaini wote tulioupigania umetupeleka kwenye uwanja wa maji. Mtu akigusa chombo, bembea inaamsha maji, maji yanarudisha mkono kwa chombo, na fundi anaona kwenye mchoro wa kipimo mlima wa polepole asioutarajia. Si kosa la kishikio wala si siri ya chombo. Angani msukosuko huohuo utakuwa kwenye masafa mengine, kwa kuwa mchapuko unafika mara tatu ya uvutano wa dunia na masafa ya maji yanapanda kwa kipeuo cha pili cha tatu, karibu mara 1.7. Kwa hiyo matokeo ya msukosuko yaliyopimwa ndani ya mnara hayahamishwi angani kama yalivyo. Yanayohamishwa ni yale ya kunyumbuka kwa chuma chenye mzigo.

Kebo nazo zina uhai wao. Kebo iliyokazwa hucheza kama uzi wa ala ya muziki. Chukua kebo ya mita 20 yenye kilo 30 kwa kila mita, ibebe tani 100: mtetemo wake wa kwanza uko kwenye hezi 4.5, katikati kabisa ya eneo linalochunguzwa. Asiyefunga kihisi kwenye kebo atasadiki kwamba chombo kina mtetemo ambao hakina. Kihisi kimoja pale kinaokoa kazi nyingi.

Jibu la pili lilikuwa tofauti kabisa. Mkusanyiko kamili, wenye roketi mbili zilizojazwa kemikali isiyowaka badala ya fueli, ulikuwa na uzito unaokaribia wa Shuttle inapoondoka ardhini, yaani karibu tani 2,000. Huo haukuning'inizwa. Ulishikwa kutoka chini, roketi zikiwa zimesimama juu ya nguzo za hidrolika za aina iliyotumika kwa Saturn V kwenye mnara huohuo. Katika mfumo wa namna hiyo gesi iliyobanwa hutoa ulaini wa wima, na mzigo huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta yanayosukumwa kwa presha, hivyo unaweza kuteleza kando karibu bila msuguano.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasiziache roketi zimefungwa chini kwa bolti, kama zinavyofungwa kwenye jukwaa la kurushia? Pale jukwaani kweli kila roketi ilishikwa kwa bolti nne, na injini kuu zilipowashwa sekunde 6.6 kabla ya roketi, mkusanyiko mzima uliinama na kurudi. Hali hiyo ni ya kweli na ina hesabu yake. Lakini nati za bolti hizo zinapolipuliwa na chombo kikaondoka, mkono umeachia kwa ghafla. Mitetemo inayobaki ni ya mwili ulio huru, na kuanzia hapo mfumo wa uongozaji unashughulika na mwili huo. Huo ndio uliotakiwa kupimwa.

Kushika kutoka chini kuna adui ambaye kuning'iniza hakuna: kupinduka. Kitu kilichoning'inizwa kikiinama, uzito wake unakirudisha. Kitu kilichosimama kikiinama, uzito wake unakimalizia. Springi za chini ni lazima ziwe na nguvu ya kukirudisha kuliko uzito unavyokivuta, na kwa hiyo kuna mpaka ambao huwezi kulainisha kuupita. Nilikokotoa mpaka huo kwa makadirio yangu, nikidhani kitovu cha uzito kiko mita 20 juu ya vishikio. Kwa upande wa kutoka roketi hadi roketi, ambako katikati ya moja na ya nyingine kuna karibu mita 12.7, springi za wima zinaweza kushuka hadi hezi 0.35 kabla mkusanyiko haujapinduka. Huo ni ulaini wa kutosha. Lakini kwa upande wa mbele na nyuma, msingi ni upana wa roketi yenyewe, kipenyo cha mita 3.7. Hapo springi za wima zinazokaa mita 1.5 kutoka katikati hazitoshi hadi zifike kama hezi 1.5. Hizo ziko karibu mno na hezi 2. Ukibaki na springi za chini peke yake, ni ama uharibu kipimo au uangushe tani 2,000. Njia ya kutokea ni kuongeza springi za kando mahali pa juu, laini lakini zenye mkono mrefu, zizuie kuinama bila kukaza chochote kingine. Kishikio cha namna hiyo si meza ya kuwekea kitu. Ni mtambo uliosanifiwa kwa uangalifu uleule wa chombo chenyewe.

Kisha roketi zikawa tupu, kuwakilisha sekunde za mwisho kabla hazijaachwa. Mkusanyiko uleule kwa macho, lakini uzito umepungua kwa zaidi ya nusu, na kwa hiyo presha ya gesi kwenye nguzo inapaswa kupangwa upya. Kishikio kilichofaa jana hakifai leo, ingawa hakuna kilichobadilika kwa anayetazama kutoka sakafuni.

Namna ya kujua kama umepima chombo au kishikio ni moja ninayoiamini kuliko nyingine zote: badilisha kishikio kwa makusudi, kisha pima tena. Punguza au ongeza hewa kwenye mifuko. Mtetemo ambao masafa yake yamehama ni wa kishikio, au umechanganyika nacho. Ambao haukuhama ni wa chombo. Zaidi ya hapo, kishikio kiingizwe kwenye hesabu ya kompyuta pamoja na chombo, hesabu ilinganishwe na kipimo vyote vikiwa ndani, na hesabu ikishakubaliana na kipimo ndipo kishikio kiondolewe kwenye hesabu. Wengi hulinganisha hesabu ya chombo kilicho huru na kipimo cha chombo kilichoshikwa, halafu wanapotosha ugumu wa bawa ili tarakimu zilingane. Wanalisahihisha bawa kwa dhambi ya mfuko wa hewa.

Jambo la kuangaliwa kwa macho makali kuliko masafa ni kufifia. Mtetemo wa ndege ya chuma hufifia polepole sana, mara nyingi kwa asilimia moja au mbili tu ya kiwango kinachoweza kuuzima mara moja. Msuguano mdogo kwenye pini moja ya kishikio unaweza kuzidisha kiwango hicho mara mbili, na hesabu ya mpapatiko ikatoka na usalama ambao haupo. Masafa yakikosewa kwa kishikio, hukosewa kidogo. Kufifia kukikosewa, kunakosewa kwa upande wa hatari. Ndiyo maana utando wa mafuta na kebo ndefu vina thamani yake: vyote viwili vina msuguano mdogo mno.

Mahali pa kufungia napo panasaidia. Kila umbo la mtetemo lina sehemu zisizocheza. Kishikio kilichofungwa hapo hakiugusi mtetemo huo, hata kikiwa kigumu kuliko ilivyotakiwa. Shida ni kwamba sehemu tulivu ya mtetemo mmoja ni sehemu yenye vurugu ya mwingine, na ndege ina mitetemo mingi. Kwa hiyo anayechagua mahali pa kufungia anachagua mitetemo atakayoilinda, na aliyepewa kazi ya kuutetea mtetemo wa mkia hatakubaliana na aliyepewa bawa. Katika mabishano hayo mimi naanza na mtetemo ambao hesabu inasema uko karibu zaidi na mpapatiko au na masafa ya mfumo wa uongozaji.

Ndege nyingi za kawaida hazining'inizwi. Zinasimama juu ya magurudumu yao, tairi zikiwa zimepunguzwa upepo hadi nusu au chini ya hapo. Kwa ndege ndogo yenye mabawa magumu, ambayo mtetemo wake wa kwanza uko kwenye hezi 8 au 10, hiyo inatosha. Kwa ndege kubwa yenye mabawa marefu, ambayo mtetemo wake wa kwanza unakaribia hezi 1, tairi hazitoshi hata zikipunguzwa hadi rimu zinakaribia sakafu, na inabidi mhandisi achague: mifuko ya hewa chini ya sehemu za kuwekea jeki, kamba za mpira kutoka juu, au kukubali tairi na kuziingiza kwenye hesabu kwa uangalifu. Miguu ya magurudumu nayo ina tatizo lake: ndani yake kuna mafuta na gesi na mipira ya kuzuia uvujaji, na mtikisiko ukiwa mdogo mipira hiyo inakwama, ukiwa mkubwa inateleza. Masafa yanabadilika kwa nguvu ya kutikisa. Akiona hivyo, mtu aliyezoea huubana mguu usicheze ili alau ugumu wake ujulikane. Enterprise ilipotikiswa Huntsville haikuwa na haja ya kujadili tairi; katika kila hatua ya kwenda angani magurudumu yake yangekuwa yamekunjwa ndani.

Matokeo ya Huntsville kwa sehemu kubwa yaliafiki hesabu, na pale yalipoachana, hesabu ikarekebishwa. Jambo zito lilijitokeza kwenye roketi za pembeni. Gairo za kupima kasi ya mgeuko zilikuwa zimefungwa sehemu ya mbele ya roketi hizo, na ilionekana kwamba mahali zilipofungwa palikuwa na mtetemo wake wa kienyeji, mkubwa kuliko hesabu ya mkusanyiko mzima ilivyokuwa imeona. Jambo la ukoo huohuo lilikuwa limeonekana kwenye Saturn V ndani ya mnara uleule muongo mmoja kabla, ambako bamba la kufungia gairo lilipinda kwa namna ambayo hesabu ya roketi nzima haikuionyesha. Hesabu kubwa huchora nguzo na mihimili. Bamba dogo la kufungia kifaa hulipita.

Hapo ndipo kazi ya kishikio ilipolipa. Mlima usiotarajiwa ukitokea kwenye kipimo, mshukiwa wa kwanza ni kile kinachokishika chombo. Kishikio kikiwa na masafa yake yote chini kabisa, kimetengwa mbali na mitetemo ya kunyumbuka, mshukiwa huyo anaondolewa mapema na watu wanageukia chuma. Kikiwa kigumu nusunusu, mabishano yangekuwa juu ya nguzo na mafuta, na gairo zingesubiri. Sehemu ya kufungia gairo ikaimarishwa, na hesabu iliyosahihishwa kwa vipimo vya Huntsville ikaingia kwenye maandalizi ya mfumo wa uongozaji. Enterprise ikaondoka Aprili 1979 kwenda kituo cha Kennedy, Florida, kujaribia jinsi vipande vinavyoungana kwenye jukwaa la kurushia, na tarehe 12 Aprili 1981 Columbia, Shuttle ya kwanza kwenda anga za mbali, ikaondoka hapo ikiwa na John Young na Robert Crippen.